Msalaba Usio na Kaburi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Yakobi, Njombe.

Upepo wa leo uliamka kabla yangu. Ulianza kugonga bati la jiko alfajiri, na mpaka sasa, jioni hii, haujachoka. Mvua bado, ila ukungu umeanza kushuka kutoka upande wa mashamba ya paini. Nimevaa sweta mbili, nimejifunga kitenge juu yake, nimeketi karibu na jiko la mkaa. Chai nimeipasha na imepoa tena.

Mlangoni kuna msalaba.

Nitaeleza. Kwanza nipumue.

Wewe shajara unaijua kazi yangu, lakini huenda yupo mtu aliyepotea njia mtandaoni akaangukia hapa, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali hapa Njombe. Siko kwenye ile masjala ya wazi ambako watu wanaingia na kutoka wakiulizia barua zao. Niko masjala ya siri, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha la nondo na makabati ya chuma, na funguo nazivaa shingoni chini ya blauzi, pamoja na rozari. Nilitoka kwetu Sumbawanga kwa uhamisho, nikaambiwa ni kwa muda tu. Miparachichi ya jirani niliyoikuta ikiwa miche sasa inavunwa.

Kazi hii haina marafiki. Nilipofika nilidhani Wabena, wenyeji wa hapa, ni watu wakimya. Si kweli hata kidogo. Wanaongea sana, ila si mbele yangu. Nikiingia kantini mazungumzo yanahamia kwenye viazi na mbolea. Wanajua kwamba barua ya uhamisho, ya onyo au ya kusimamishwa kazi hupita mezani kwangu kabla mwenyewe hajaiota. Wachache wanaonisogelea huja na swali moja lililojificha chini ya maswali mengine: jina langu lipo? Nikisema sijui, naonekana mwongo. Nikinyamaza, naonekana nina maringo. Basi nakula peke yangu, na nimezoea, au ndivyo ninavyojiambia.

Blogu hii nayo ina msomaji mmoja. Ni mimi, kwa simu yangu ya pili. Majina nimebadilisha. Kama wewe ni wa ofisini kwetu na umenitambua, usikimbilie kwa mkuu, njoo kwanza tunywe chai. Angalau nitakuwa nimepata mgeni.

Sasa Bibi Skolastika.

Anaishi Makambako. Tangu usichana wake ameuza chai na maandazi stendi, pale mabasi ya Songea na ya Mbeya yanapopishana. Lakini kwao ni Manda, kule chini ziwani, wilaya ya Ludewa. Alipokuwa mtoto wa shule ya msingi, kipindupindu kiliingia kwenye vijiji vya ziwani. Mama yake aliugua, akapelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, hakurudi. Waliokufa walizikwa na watu wa afya, haraka haraka, wakamwagiwa chokaa, na ndugu hawakuruhusiwa kusogea. Nadhani ililazimu, sina ugomvi na waliofanya hivyo. Tatizo ni kwamba ugonjwa ulipoisha hakuna aliyerudi kuwaambia ndugu watu wao wamezikwa wapi. Wengine wakasema ni karibu na mto Ruhuhu, wengine wakasema ni upande wa milimani. Mashamba yakalimwa, watu wakahama, waliojua wakafa.

Kwa Wakatoliki wa huku, Siku ya Marehemu Wote ni siku kubwa. Watu wanafyeka makaburi, wanayapaka chokaa, wanaweka maua. Padre anapita na maji ya baraka kaburi kwa kaburi, na kila familia inasimama pembeni ya mtu wao. Bibi Skolastika hana pa kusimama. Aliniambia kwamba tangu utotoni husimama kwenye makaburi ya watu wengine, akijifanya anasaidia kufyeka, ili maji ya baraka yamdondokee na yeye.

Maneno hayo aliyasema huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Alikuja ofisini kwetu baada ya kusikia redioni kwamba nyaraka za zamani za serikali, zikishafikisha miaka iliyowekwa, mwananchi anaruhusiwa kuzisoma. Alivaa gauni la kanisani na kilemba kipya. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu kwa Kibena. "Nimekuja kusoma faili la mama." Alisema kwa uhakika kabisa, kana kwamba anaagiza chai. Nikaandika maelezo yake, nikamwambia arudi baada ya muda, nikaenda kutafuta.

Faili lipo.

Naandika hapa kwa sababu ofisini siruhusiwi hata kusema kwamba lipo. Liko kwenye kabati la karibu na dirisha, jalada lenye mistari miekundu, alama ya siri. Nimelisoma lote, kwa kuwa kulisoma ni kazi yangu. Ndani kuna taarifa za visima, maombi ya dawa, na karatasi moja yenye ramani ya mkono ambayo bwana afya wa wakati ule aliichora kwa penseli. Aliweka kanisa, njia ya kwenda ufukweni, jiwe kubwa, na nyuma ya jiwe akachora misalaba midogo midogo. (Usihangaike kupiga ramli, mpelelezi wangu. Alama hizo nazo nimezibadilisha.) Hakuna siri pale. Hakuna aliyetenda ubaya. Ni mtu mwangalifu tu, ambaye hakutaka watu wale wapotee.

Kilicholifunga jalada ni karatasi moja. Kuna mtumishi aliyekataa kwenda kambini, akaandikiwa barua ya nidhamu, na barua ya nidhamu ni siri. Ilipaswa kwenda kwenye jalada lake binafsi. Aliyekuwa masjala siku hiyo akaona imetaja kambi, akaiweka pamoja na mambo ya kambi. Sasa kanuni yetu inasema jalada hupewa daraja la ile karatasi yake yenye siri kubwa kuliko zote. Kwa hiyo barua moja ilipoingia, jalada zima likavishwa mistari miekundu, visima, dawa, misalaba ya penseli, vyote kwa pamoja. Marehemu wa Manda wakawa siri ya serikali kwa sababu ya mtu mmoja aliyeogopa kuhara.

Kuitoa barua hiyo ni kazi ya kufungua kamba tu na kuvuta. Lakini lazima idhini itoke kwa ofisi iliyolipiga jalada mhuri wa siri, na ofisi hiyo ilikuwa ya mkoa wa zamani, kabla hatujagawanywa. Idara yenyewe ilishaunganishwa na nyingine na kupewa jina jipya. Niliwaandikia. Wakajibu kwamba jalada lilikabidhiwa kwetu, kwa hiyo mamlaka ni yetu. Mkuu wangu ni mtu mpole, yuko mlangoni mwa kustaafu na hataki kukosea sasa. Akasema mhuri si wetu, na hatuwezi kufuta mhuri wa wenzetu. Tukaandika ngazi ya juu. Ngazi ya juu ikajibu, kwa lugha nzuri sana, kwamba mwenye mhuri aandike kwanza.

Hapa ndipo mimi hucheka na kutaka kulia kwa wakati mmoja. Barua zote hizo za kuomba jalada lifunguliwe zinatunzwa wapi? Ndani ya jalada hilohilo. Na jalada likiwa la siri, barua zake nazo ni za siri. Kwa hiyo siruhusiwi kumwambia Bibi Skolastika anasubiri nini, wala anamsubiri nani. Kila akija namjibu yale maneno yetu: suala lako linafanyiwa kazi.

Naye hujibu, "Haya, mwanangu. Kazi njema." Kisha anakwenda zake stendi kutafuta gari la Makambako. Narudi ndani, nafunga mlango, na kabati liko palepale.

Ijumaa iliyopita alikuja tena. Nilimwambia maneno yaleyale, na safari hii hakunitakia kazi njema. Aliketi kwenye benchi la korido akipapasa magoti. Akasema mwaka huu hashuki Manda. Barabara ya Ludewa na magoti yake haviivani tena. Hakulalamika, wala hakuniangalia kwa ubaya. Alitoa taarifa tu, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaondoka.

Nilimtazama mpaka alipoishia getini. Nilijichukia. Nasema wazi, nilijichukia, ingawa sijui ni kosa gani hasa nililofanya.

Leo, baada ya misa ya kwanza, nilipanda Kosta nikaenda Makambako. Nilijidanganya kwamba naenda kutafuta sweta. Kama Njombe kuna baridi, Makambako kuna baridi yenye vumbi, na Jumapili upepo unapita katikati ya mji bila kuulizwa na mtu. Mabanda ya sweta niliyapita bila kusimama. Nikauliza kwa wauza chai wa stendi, nikaelekezwa kwa Bibi Skolastika, nyumba ya matofali ya kuchoma ng'ambo ya reli, yenye mti wa peasi uani.

Alinikuta nimesimama pale uani nikiwa sijui nibishe hodi au nirudi.

"Karibu, mwanangu. Umekuja na habari?"

"Nimekuja kukusalimia tu, Bibi."

"Ofisi haisalimii watu Jumapili," alisema, akacheka, akanishika mkono kuniingiza ndani.

Alinipa chai na viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni. Ile chai, jamani. Mtu aliyepika chai maisha yake yote hapimi majani kwa kijiko. Nilikunywa nikahisi mwili unarudi mahali pake. Kisha akaniomba nivute kigoda kilichokuwa nyuma ya mlango, na nilipoinama kukivuta ndipo nikauona.

Msalaba wa mbao, umepakwa rangi nyeupe, herufi nyeusi zenye jina la mama yake, na chini yake maneno ya kumwombea apumzike kwa amani. Aliutengenezesha kwa fundi tangu akiwa mama kijana. Kila mwaka Oktoba ikifika anaupaka rangi upya, kwa sababu anaamini mwaka huu atajua pa kuupeleka. Rangi imekuwa nene mpaka pembe za mbao zimekuwa mviringo, na herufi zimenenepa kwa kuandikwa juu ya zenyewe. Ya mwaka huu ilikuwa bado inanuka.

Nilirudi kukaa. Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Unapajua," alisema.

Niliangalia ndani ya kikombe.

"Usinijibu. Najua mmekula kiapo, sitaki nikutie dhambini. Lakini mimi nimeuza chai stendi, nimeona watu. Pale ofisini kwenu kila ninayemuuliza ananitazama machoni na kuniambia hajui. Ni kweli hawajui. Wewe peke yako unaangalia chini."

Niliangalia chini. Nilikuwa nafanya kilekile alichosema, na nilishindwa kuacha.

"Basi kuna mtu anayejua," alisema polepole. "Mimi nilidhani hakuna hata mmoja."

Akachukua ncha ya khanga akajifuta macho. Nikalia na mimi. Sikulia kistaarabu, nililia mpaka kikombe kikamwagika, na bibi yule mwenye haki ya kulia kuliko mimi akaanza kunibembeleza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniwekea mkono mgongoni. Hapa Njombe, sidhani kama imewahi kutokea.

Tuliponyamaza alikwenda nyuma ya mlango, akautoa msalaba, akauzungushia khanga kuukuu na kuufunga kwa kamba ya katani.

"Mbebe mama," alisema. "Usiniambie ni wapi. Nikijua nitataka kwenda, na magoti hayaendi. Wewe ukausimike tu, urudi. Ukirudi usiseme neno. Nitakutazama usoni, inanitosha."

Nilitaka kumweleza kanuni. Nilifungua kinywa kabisa. Kilichotoka ni, "Haya, Bibi."

Kwenye Kosta ya kurudi nilikaa dirishani, msalaba nimeupakata, kichwa chake kikichungulia kwenye khanga. Sikuwa nimefikiria watu wataona nini. Kondakta aliona, akapunguza sauti ya redio bila kuambiwa. Mama aliyekaa pembeni yangu akanigeukia. "Pole sana, dada. Ni nani?"

"Mama," nilisema. Sikudanganya, ni mama. Sikusema tu ni wa nani.

"Oo, pole. Mungu amlaze pema."

Baba mmoja wa kiti cha mbele akavua kofia akanipa pole. Wanafunzi waliokuwa wanacheka nyuma wakanyamaza. Mama yule akanimenyea chungwa, akaniuliza kama nina ndugu wa kunisaidia, akaniambia tusichoke kusali. Nilipofika stendi ya Njombe watu wawili wakanisaidia kushuka, na mmoja akanisindikiza hadi nilipopata bodaboda ya kunileta Yakobi. Dereva wa bodaboda naye akasema pole. Jirani yangu wa miparachichi, ambaye salamu yake kwangu huwa ni kuinua jembe kidogo tu, aliacha kazi akaja hadi kibarazani. Alisimama pale na mikono yenye udongo, akaniambia, "Jirani, usikae na jambo zito peke yako. Mke wangu atakuletea chakula."

Mkewe ameleta kweli. Kande, bado ya moto. Tumekaa naye kidogo. Hakuniulizia jina la mtu yeyote wa ofisini kwetu. Aliuliza kama nimeshakula.

Miaka yote hii nimeishi mji huu, na siku ambayo watu wameongea nami kama mtu ni siku niliyobeba msiba usio wangu. Nimekaa hapa nikijiuliza kama nimewaibia pole zao. Sidhani. Mama wa Bibi Skolastika hakupewa matanga. Hakuna aliyezima redio kwa ajili yake, hakuna aliyevua kofia. Zile pole zilikuwa zake. Zilichelewa tu, na mimi nilikuwa karibu.

Sasa mambo ya ofisi, kwa maana sijasahau mimi ni nani. Nikisimika msalaba wenye jina pale nyuma ya jiwe, nimelifungua jalada kwa mikono yangu. Watu wa Manda wataona. Watakaoona watauliza aliyeusimika amejuaje. Na wapo wengine wenye mama zao na watoto wao palepale, nao watataka kuja na misalaba yao, na mwisho mtu ataulizia masjala. Kiapo nilikisaini mwenyewe, sikulazimishwa. Naweza kupoteza kazi na kiinua mgongo, nirudi Sumbawanga nikiwa na rozari tu shingoni. Dada yangu atauliza nilifukuzwa kwa kuiba nini.

Nimefikiria kusubiri. Labda ngazi ya juu watabadili jibu lao. Labda mwenye mhuri atapatikana. Mimi huwa nasubiri vizuri, ndiyo kazi ninayoijua. Lakini leo nimeona ile rangi, ilivyokuwa nene. Bibi hana Oktoba nyingi za kupaka tena.

Nimekuwa nikijiambia kwamba natunza siri. Nikitazama vizuri, siri yenyewe ni ya yule mtumishi aliyekataa kwenda kambini, na hiyo nitaendelea kuitunza mpaka nife. Jina lake halitatoka kinywani mwangu. Kaburi la mama wa mtu sikumbuki kuapa kulificha.

Sijui kama hiyo ni hoja au ni kisingizio. Nitajua wakinihoji.

Siku ya Marehemu Wote ni Jumapili ijayo. Kesho asubuhi nitaandika barua ya kuomba ruhusa, niipeleke kwa mkuu. Basi la Ludewa linaondoka mapema, na kutoka Ludewa nitashuka Manda kwa gari lolote litakalokubali kubeba mwanamke na msalaba. Penye sababu ya ruhusa nitaandika: msiba. Mkuu atanipa pole, kwa kuwa ni mtu mpole, kisha barua itaingia kwenye jalada langu binafsi. Majalada binafsi hukaa masjala ya siri. Kwa hiyo itarudi mezani kwangu mwenyewe, na mimi ndiye nitakayeifungia kabatini.

Upepo umetulia kidogo. Kande nimemaliza, bakuli nimeliosha, nitalirudisha kwa jirani kabla ya kwenda kazini, nimshukuru mkewe vizuri.

Pole nimeshapokea, njia nzima kutoka Makambako. Kilichobaki ni kwenda kuzika.